Kipeo Mkato

Warsha ilianza saa nane, kwa saa zetu.
Wengine huko kwao mswaki ulikuwa bado mdomoni,
mmoja Jumatano yake ilikuwa imeshakwisha.
Nyuso ishirini na saba katika vijumba vya mraba,
na mimi, Candiru, Arua, stoo ya duka la saruji,
kwa kuwa ukuta ule ndio unaokamata mtandao
na Drani hadai kodi, anadai tu nimalize
kabla lori la mifuko halijafika.

Nikasema: grafu si mchoro,
ni orodha ya nani anamfikia nani.
Tunashuka kina kwa kina, kila kipeo
tunakipa namba ya zamu yake,
na namba ya nyuma kabisa kinakoweza kurudi.
Namba ikigoma kurudi, hapo pana daraja:
ukingo ambao ukiung'oa
hakuna kichochoro kingine.

Profesa mmoja akaomba mfano.
Pakwachi, nikasema. Likikatika lile,
sisi huku chumvi tunaihesabu kwa punje.
Halafu nikajisahihisha, maana hesabu haijali chumvi:
ipo feri ya Laropi. Basi Pakwachi
si daraja.
Wakacheka, vipaza sauti vimezimwa,
meno matupu.
"Na feri ikiharibika?" akaandika kijana.
Hiyo ni grafu ya wakati, nikasema,
ukingo wa Jumatatu ambao Alhamisi haupo,
na mimi sijaitatua.

Slaidi ya tisa: kipeo mkato.
Kikiondoka, waliobaki wanakuwa visiwa.
Nilikuwa nimeandaa mfano wa minara ya simu,
na mdomo ulisema minara ya simu,
ila kipanya kilikuwa kinazunguka kipeo cha tano,
kinazunguka tu.
Adriko alimpigia mama, mama akanipigia mimi:
ndugu yako anakohoa.
Nami nikampigia mama, mama akampigia yeye:
dada yako amepata ile nafasi.
Miaka kumi na moja tukisalimiana hivyo,
hatukujua kwamba hatuna ukingo wetu wenyewe.
Tulimzika mwezi wa nne.

Umeme ukakatika.
Mpaka Drani alipobembeleza jenereta ikakubali,
walikuwa wamefika kwa msemaji wa kupaka rangi,
na mwenyekiti ameniandikia: *Tulikupoteza.*
Nikajibu: *Samahani. Uthibitisho uko ukurasa wa saba.*

Lori likaja. Vijana wakabeba mifuko
huku vumbi linanipaka nywele mvi za bure.
Kuvitafuta vipeo vyote vya mkato
gharama yake ni vipeo kujumlisha kingo, hakuna zaidi.
Kuongeza ukingo mmoja
ni hatua moja. Tunaandika hivyo, hakuna anayebisha.

Bando lilikuwa limebaki la dakika sita.
Simu iliita, ikaita,
ikapokewa, nyuma yake nikasikia kuku na redio,
na sauti ya mama ndani ya koo la mwanamume:

"Haloo, nani mwenzangu?"