Miavuli ya Lusungo

Huku Tukuyu mvua haipigi hodi.
Jumapili kabla ya kura, Mwankemwa, wakala wa chama,
alisimama njia panda akihesabu miavuli:
mia mbili na sita ikashuka kwa Wamoraviani,
mia na tisini ikapanda kwa Walutheri.
Akafunga daftari. Diwani kapatikana.

Daraja lililosombwa halikuulizwa.
Bei ya majani ya chai haijabatizwa popote.

Jumatano usiku chaki ikaandika ubaoni
miavuli ileile,
na kura moja zaidi, isiyo na mwavuli.
Hadi leo wazee wa makanisa yote mawili wanaitafuta.

Nilizaliwa kwa hawa, nikaolewa kwa wale.
Jumapili ile nilipita
na jani la mgomba kichwani.