Kikao cha Wazazi, Mikindani

Mkutano Jumamosi, chini ya paa la bati,
Kadzo hana wasiwasi, kagongagonga dawati:
"Mwanangu hana nafasi, watatu kwa kila kiti,
Chaki twanunua sisi, serikali haileti.

"Choo mlango hakina, twatundika leso zetu,
Wangu, jua la mchana, hukimbia hadi kwetu,
Akirudi anaona ubao umefutwa tu;
Nambieni, waungwana, hiyo ni haki ya mtu?"

Akainuka Mbwarali, kanzu yake imenyoka:
"Karatasi zali ghali, hapa chini naandika,
Leo shehena za meli natia wino, zatoka.
Mtoto mwenye akili hata gizani hushika."

Rukiya kanisogea, kwa sauti ya puani:
"Wake hawajaingia humu mwetu darasani,
Asubuhi hungojea basi la njano njiani,
Tai ya akademia wamefungiwa shingoni."

Nami nikamkumbuka Kadzo, wiki ilopita,
Ndani ya tangi kashuka, matope ayakokota,
Hakuna alomtaka, wala posho hakupata;
Watoto walipofika, maji safi wakachota.

Nilitaka kuyanena, mara ikasomwa dua.
Kadzo dawati kabana, miguu limepungua;
Mbwarali kamwita jina: "Misumari nanunua."
Wakashuka wakinuna, sambamba katika jua.