Mbavu za Mwavuli

Julai, saa moja asubuhi, Loleza haijavua ukungu
na mimi navua glavu za sufi nivae za mpira.
Friji inasoma themanini chini ya sifuri.
Nje, pale getini, wauza viazi wa Uyole
wanapuliza viganja kama wanaopoza uji.

Natoa mrija namba arobaini na moja:
mtoto wa Kyela, miaka mitatu, malaria.
Jina halijaandikwa. Barafu kwanza, maswali baadaye,
maana protini hii ikionja joto hujikunjua yenyewe.

Ndani ya damu imetulia,
mwavuli uliofungwa, umeegemezwa nyuma ya mlango huko Tukuyu
ambako hakuna atokaye bila mwavuli.
Kije kijidudu, uje mkasi wa kimeng'enya,
kipande kidogo kinakatika, kinakwenda zake kupiga mbiu,
na kilichobaki kinafyatuka:
mkono uliofichwa kwapani unatoka,
unashika cha kwanza kuugusa, na hauachii.
Kope haijashuka, kazi imekwisha.

Nani ameliona hilo? Darubini yetu haifiki huko.
Ndiyo maana tuna hii, katika kichupa kidogo kuliko kidole cha mwisho:
kingamwili ya ukoo mmoja.
Waliiozesha seli ya panya kwa seli ya saratani;
mke ana kumbukumbu, mume hajui kufa,
na watoto wao, mamilioni, wanasema neno moja tu.
Neno la hii yetu ni: ubavu.
Mwavuli uliofungwa haiujui. Upitishe mbele yake mchana kutwa,
itapita kama mtu aliyekosea mtaa.
Ufungue, inang'ang'ania.

Sahani ina vishimo tisini na sita.
Ambakisye anadondosha, mimi nahesabu,
tunaosha mara tano, tunasubiri rangi.
Bluu hapa, bluu pale, kwa watoto wenye homa,
kisha safu ya mwisho, ya watu wazima wasio na ugonjwa,
iliyopaswa kubaki maji matupu:
bluu. Bluu ya sketi ya shule.

Hatukusema. Akatazama saa, akatazama meza.
"Dada Atuganile, jana umeme ulipokatika
nilikwenda kunywa chai. Mirija niliiacha hapa juu.
Dakika ishirini. Nilidhani baridi ya Mbeya inatosha."

Haikutosha. Kwake hata Julai yetu ni joto.
Tulimwaga sahani nzima. Sikumkaripia;
panya, marehemu, alikwisha kumshitaki.

Jioni, nikipanda kuelekea Isanga, nikamfikiria Lusubilo,
kaka yangu, aliyerudi kutoka machimbo ya Chunya
na kifua kilekile, na cheko lilelile,
na kitu kingine kimejitokeza, sijui kilikuwa wapi zamani.
Mimi nakiona hicho tu. Akiingia, nakishika hicho.
Mama anamwekea ndizi na maziwa ya mgando,
anamwita kwa jina la utotoni,
kana kwamba hakuna kilichofunguka.

Maabara tunatumia kingamwili mbili.
Moja hujua umbo lililobadilika.
Ya pili huijua protini yenyewe, imefungwa, imefunguka, vyovyote,
na bila hesabu ya hiyo ya pili
hesabu ya kwanza ni rangi tu.
Nimewafundisha wanafunzi hivyo miaka sita.

Kesho nitaomba damu nyingine. Barafu ndoo mbili.
Leo nimebisha hodi, na aliyefungua ni Lusubilo.
Nikamwangalia mikono.
Mama, kutoka jikoni, akauliza ni nani hao mlangoni.
Akajibu yeye, "Ni sisi."