Nusu ya Mwanga

Cibalonza kairudisha taa Jumatatu asubuhi,
kaiweka mezani pangu kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.
"Fundi, taa yako inasema uongo."
Akatoa nyuzi mbili mfukoni:
usiku zilikuwa ndugu wa tumbo moja,
asubuhi, kwenye jua la Kadutu,
moja ni zambarau, nyingine rangi ya ini.

Kosa ni langu.
Aliomba mwanga mdogo, mtoto asiamke,
nikamfungia kitufe cha kuzungusha:
ukikipeleka kushoto, mkondo unapungua
kama maji unapobana mpira kwa kidole.
Njia ya zamani, ya upole. Koroboi ya nyanya yangu
ilikuwa hivyo hivyo, ukishusha utambi na mwali unashuka.
Lakini ledi si utambi.
Ukiinyima chakula inabadilika uso,
weupe wake unakuwa wa mgonjwa,
na katika safu ya kumi, mbili dhaifu
zinatangulia kulala.

Nikachomoa kitufe. Nikalehemu kisahani kipya.
Hiki hakipunguzi kitu.
Kinawasha kabisa, kinazima kabisa,
kinawasha kabisa, kinazima kabisa,
mara mia mbili kabla hujamaliza kusema "moja",
na jicho, kwa uvivu au kwa huruma,
linajumlisha, linagawanya, linasema: nusu.
Rangi haiguswi,
maana kila inapowaka, inawaka kwa nguvu zake zote.

Cibalonza akashona wiki nzima, hakurudi.
Aliyekuja ni Zihalirwa wa kamera,
kutoka ukumbi wa Nyawera ambao taa zake zote
nilizigeuza kwa furaha ya elimu yangu mpya.
Akanipa simu nitazame:
bibi harusi anakata keki, na juu ya gauni
mistari myeusi inapanda, inapanda,
punda milia kaalikwa, kaketi meza ya mbele.
Kamera haina huruma ya jicho.
Inahesabu kila kifo kidogo.

Kwake nikarudisha kitufe.
"Umanjano nitauosha kwenye kompyuta," alisema,
na hakunilipa ya pili.

Ansima wangu, darasa la tano,
alisema taa ya mapigo inampiga nyundo nyuma ya paji.
Mimi sikuona kitu. Nikapunga kalamu mbele ya taa:
nikaona kalamu kumi na mbili.
Nikaongeza kasi, mara elfu tatu kwa sekunde,
koili ikaanza kuimba kama mbu.
Nikapandisha tena, tena,
hadi mbu akatoka nje ya masikio ya watu.
Ansima akamaliza hesabu zake bila neno.
Kwake hiyo ni aksanti.

Halafu, saa moja jioni, SNEL.
Kwanza inatufifisha kwa njia ya kale:
Cimpunda yote imechomeka resho,
balbu zinageuka machungwa, friji ya baa inakohoa.
Kisha inaingia dijitali.
Siku mbili washa, siku tatu zima.
Kisahani kilekile nilichomuuzia Cibalonza!
Kasi tu ndiyo haba.
Wangetuwasha na kutuzima mara elfu ishirini kwa sekunde
tungekula sombe letu tukisema:
umeme upo, leo umefifia kidogo.
Lakini wanapiga pigo moja kwa wiki,
na jicho, hata liwe vivu namna gani,
halijui kujumlisha Jumanne na Ijumaa.
Ankara inakuja mwisho wa mwezi,
nayo haipepesi.

Gizani naisikia cherehani, ng'ambo ya mfereji.
Cibalonza anatumia betri.
Ameshusha hadi robo, mtoto kalala,
na uzi wa zambarau, natumaini,
ni zambarau.