Majibu ya Maiti wa Kadutu

Unauliza nilianzaje. Andika: nilianza nikiwa maiti.
Ukumbi wa parokia, Kadutu, mvua ikipiga mabati
mpaka waigizaji wakawa wanapayuka kama wauza mitumba.
Nilikuwa na miaka kumi na minne na miguu mirefu,
na Mwalimu Ntakwinja alihitaji mtu wa kulala kimya.
"Wewe, Murhula," akasema, "sauti huna, lakini urefu unao."
Wakanifunika kitenge cha mama, kile cha kuku wa manjano.
Dakika ishirini nimekufa. Neno la kusema sikupewa hata moja.

Unacheka, dada Nabintu. Cheka, ila mashine usizime.

Safu ya tatu nikasikia mtu analia.
Si kilio cha mchezo; cha mchezo nilikijua,
tulikifanyia mazoezi wiki nzima kwa kitunguu.
Hiki kilikuwa na kikohozi ndani yake.
Kilikuwa cha mama.

Kaka yangu Mweze aliingia shimoni Kamituga
mwaka ule wa mvua nyingi, shimo likafunga mdomo.
Mwili hatukuletewa. Tuliletewa tochi yake
na deni la sururu aliyokuwa ameazima.
Mama hakuwahi kupata wa kumlilia.
Sasa amempata, amelala mbele yake,
chini ya kitenge chake mwenyewe.

Nifanye nini? Nililala.
Nikabana pumzi, nikawa Mweze kadiri nilivyoweza,
nikapanga miguu alivyokuwa akilala, kisigino juu ya kisigino.
Halafu nikaogopa mama atabaki huko.
Nikatikisa kidole gumba cha mguu. Kidogo tu.
Mtoto mmoja akapiga yowe: "Maiti anacheza!"
Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na ndani ya kicheko
nikasikia kikohozi kilekile, kinacheka.

Mwalimu alininyima soda. Wenzangu walizimaliza zote.

Nani alinivutia? Mnataka majina makubwa. Sina.
Kuna mama muuza sambaza kule sokoni:
mteja akitaja bei ya chini, anashika kifua,
anayumba, anawaita wafu wa ukoo wake mmoja mmoja,
kisha anafunga samaki kwa bei ileile aliyotajiwa.
Kuna yule mtu wa Sneli aliyekuja na bili
ya miezi sita ya giza,
akaisoma mlangoni kwetu bila kupepesa jicho.
Mpaka leo uso ule naujaribu mbele ya kioo. Bado.

Ninavyovipenda? Haya, haraka haraka.
Bugali wa muhogo, sombe, sambaza wa kukaanga
na vichwa vyao; asiyekula vichwa simwamini.
Rangi sijui. Ya ziwa naipenda lakini haitulii.
Kiatu: hiki cha kushoto. Cha kulia kinaingiza maji.
Kati ya mfalme na mpumbavu nipe mpumbavu,
mfalme kazi yake kukaa, na joho linawasha shingo.

Na nafasi ambayo bado naitamani?

Subiri lori lipite.

Mtu anayerudi. Basi.
Anaingia, anaweka tochi mezani,
anauliza kama kuna chakula.
Nimeuandika mchezo huo mara nne, na mara nne
nimekwama kwa yule mama: sijui amjibu nini.
Mwishowe nikamuuliza wangu, akichambua mboga.
Hakuinua kichwa. "Angemwambia kimepoa," akasema.

Ah. Giza. Kawaida, saa hizi wanakata.
Kaa tu, mashine yako ina betri.
Unajua makofi ninayoyapenda? Si ya ukumbini.
Umeme ukirudi, mlima mzima wa Cimpunda,
nyumba juu ya kichwa cha nyumba,
hupiga kelele kwa pamoja, watoto, wazee, walevi,
kama vile kuna mtu amefanya jambo la ajabu.
Ngoja uyasikie.
Hapana, huyo ni mbwa.
Ngoja.