Asilimia Tatu

Miezi saba niliiuza nyumba ya mama mimi mwenyewe,
yaani miezi saba sikuiuza.

Wa kwanza alitoka Mpeketoni. Akagonga ukuta kwa kidole,
akasema chokaa imechoka.
Nikamjibu, na wewe je, umejitazama?
Akavaa viatu akaenda.

Wa pili alikuwa mpole. Alimjua mama,
alikula bajia zake zama za chuoni.
Akamsifu mpaka nikalia, na nilipofuta machozi
nilikuwa nimeshampunguzia laki sita
kabla hajaomba.
Alhamdulillahi, hakuwa na pesa.

Wa tatu alipima kila chumba kwa hatua zake,
akamaliza birika zima la chai,
kisha akauliza, hati iko kwa jina la nani?
Nikanyamaza.
Hati ilikuwa kwa jina la babu,
na babu yuko makaburini tangu sijazaliwa.

Ndipo kaka Aboud akapiga simu kutoka Jeddah:
mtafute Somoe Shekuwe, dalali wa Langoni.
Dalali? nikasema. Mla huku na huku?
Asilimia tatu kwa kutembea na funguo?
Aboud akasema, wewe umetembea nazo miezi saba bure.

Somoe alikuja na kalamu na tochi.
Hakusifu kitu.
Alimulika boriti, akahesabu zilizoliwa na mchwa:
tisa. Akaandika tisa.
Akapapasa zidaka, akauliza
mfereji wa mvua unamwaga kwa nani.
Bei aliyonitajia ilikuwa chini ya ile ya moyo wangu
na juu sana ya ile ya yule mnywa chai.
"Hii ni ya nyumba," akasema.
"Ile yako ulimtia na mama ndani."

Akaniburura kwa kadhi. Mirathi, warithi wanane,
mmoja wao hatusemezani tangu harusi ya Swabra.
Kwa huyo alikwenda peke yake.
Sijui alisema nini kule Matondoni;
alirudi na saini, na kikapu cha ndimu,
ati salamu zangu zimefika.

Wanunuzi walipokuja, alinitoa nje.
"Uso wako unashusha bei. Nenda kanywe kahawa."
Nikakaa kwa fundi cherehani, mtaa wa pili,
siku nne, nikimshikia uzi.
Familia kumi na moja ziliingia.
Waliotaka picha tu hakuwapandisha juu.
Aliyeleta noti ndani ya mfuko wa unga
alionyeshwa benki ilipo.

Yaliyosemwa mle ndani sikuyasikia.
Nadhani hayo ndiyo niliyomlipia.
Lazima kuna aliyesema choo kinanuka,
lazima kuna aliyeicheka rangi ya chumba cha mama,
ile kijani aliyoichagua macho yakiwa yamekwisha mtupa.
Yaliingia sikioni kwa Somoe yakaishia huko.
Mimi nililetewa namba tu,
kama samaki aliyekwisha parwa magamba.

Mwalimu Athman Kupi, ambaye mkewe ni mkunga,
alianza chini. Somoe akamwacha wiki mbili.
Usingizi ukanihama. Yeye alikuwa arusini Siyu.
Nilimpigia mara nne; ya nne akapokea,
ngoma zinavuma nyuma yake.
"Kula ulale," akasema, akakata.
Jumatatu mwalimu alipanda. Alhamisi akapanda tena.

Mbele ya wakili, kalamu mkononi,
Athman akauliza kama kuna kasoro asiyoijua.
Nikafungua mdomo.
Somoe akanitangulia kwa karatasi:
boriti tisa, mfereji, choo, ukuta wa kaskazini
tunaoshirikiana na jirani,
yote yameandikwa, yote yamekwisha kukatwa kwenye bei.
Mkunga akaisoma mpaka mwisho, akamtikisia mumewe kichwa:
tia saini.

Nikampa asilimia zake tatu.
Alizihesabu mara mbili, mbele yangu.
Nilingoja neno, walau la kufungia.
Alisema ana nyumba ya kutazama Mkomani saa tisa,
na kama nitasimama kidogo,
nimeikalia tochi yake.