Robo Mzunguko

Saa tisa na nusu usiku, mwezi wa sita, bonde la Vrin.
Juu ya boneti ya gari la Barla
droni imelala chali, mikono minne wazi,
na Flurin anaitazama bisibisi yangu
kama anayesubiri kung'olewa jino.

Lugha nayo ina upendeleo wake:
kaza moyo, kaza mwendo, kaza buti.
Hakuna aliyewahi kunishangilia: legeza kidogo!
Basi mwaka jana nilikaza.
Skrubu nane, kila moja hadi kiganja kiridhike,
na kiganja huridhika kimeshachelewa.

Mapanga yalikunjuka nusu, yakagoma.
Droni ikapaa na homa yake,
na kwenye kioo shamba lote la nyasi, chini ya kanisa,
likawa uji wa kijivu.
Nikasema: Hamna kitu. Kata.
Barla akakata.

Alichokiinua kwenye majani alikifunika kwa aproni.
Akaniuliza kama nimeshakunywa kahawa.

Sasa, Flurin, taratibu.
Kaza mpaka ikatae, kisha rudi nyuma. Robo. Pungufu ya robo.
Ulaze mkono wa droni ubavu:
panga likianguka lenyewe, limelegea,
na skrubu itajitafutia mlango huko huko angani.
Likisimama wima kama askari wa gwaride, umelibana;
likizunguka halitajinyoosha, halitampata mwenzake.
Litikise. Lishuke kwa uvivu,
kama wewe unavyoshuka ngazi siku za shule.
Kisha gundi ya buluu, tone dogo kuliko chawa.

"Nitajuaje hapo ndipo?"
Utapapita. Halafu utarudi.
"Na nisipopapita?"
Sina jibu. Namwachia bisibisi.

Anapapita mara tatu. Ya nne ananyamaza,
anatikisa, panga linashuka,
anatikisa tena kwa raha tu.

Droni inapanda na sauti moja, nyembamba, isiyo na mchanga.
Kwenye kioo nyasi ni nyeusi kwa baridi,
na pale karibu na kijito, nukta nyeupe.
Pembeni yake nyingine, ndogo zaidi.

Barla hajawasha mashine.
Flurin ameshika kreti, viganja amevijaza majani mabichi
ili mama paa asinuse mtu,
anatembea kwenye umande, magoti juu,
akinong'ona namba asiyojua kama ni hatua
au ni skrubu.